Mgeni wa Nyuzi Thelathini

Walikuwa wamekubaliana ishirini na mbili.

Kufika hapo kuliwachosha. Respicius alitaka kumi na nane, kwa sababu akilala kwenye joto aliamka kichwa kinamgonga, na sokoni mtu mwenye kichwa kibovu huuziwa simu mbovu. Odilia alitaka ishirini na tano, kwa ajili ya mtoto. Baridi ya Guangzhou haina theluji wala haijigambi. Ni baridi ya maji. Inaingia kwenye mashuka, inaingia kwenye unga, inazitoa kuta jasho, na chumba chao cha Sanyuanli hakikuwa na chanzo cha joto isipokuwa kiyoyozi kilichopachikwa juu ya dirisha, ambacho kiangazi hupuliza baridi na kipupwe hugeuzwa kikapuliza joto. Basi wakasikilizana. Odilia akaiweka rimoti juu ya kabati, ndani ya mfuko wake wa nailoni, kama walivyoikuta.

Asubuhi waliamka midomo imekauka. Mashine ilisoma thelathini.

"Mama Blessing," Respicius alisema, akivuta soksi, "kama hukuridhika ungesema tu."

"Mimi sijaigusa."

"Basi kaigusa Blessing."

Mtoto alikuwa na miezi minne, hata kujigeuza bado. Odilia hakucheka. Alidhani mumewe anamtania ili aonekane yeye ndiye mbishi.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Usiku ishirini na mbili, asubuhi thelathini. Kila mmoja akamshuku mwenzake, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa amechoka, hakuna aliyekuwa na nguvu za kugombana mpaka mwisho. Walinuniana nusunusu. Blessing akaanza kukohoa kikohozi kikavu, chembamba, kisichokwisha, na asubuhi moja Odilia alimkuta na mstari wa damu iliyokauka chini ya pua.

Kulikuwa pia na harufu ya ubani. Mashine ikipata moto, harufu ilishuka nayo. Marijani, mtu wa Tanga aliyekaa humo kabla yao, alikuwa Mwislamu mcha Mungu. Odilia akajiambia kuta zimeshika harufu yake, kama zilivyoshika ukungu.

Lakini nguo zilikuwa neno jingine. Alianika nepi na fulana kwenye kamba, mkabala na mashine, na alipozigusa zilikuwa zimekauka pande zote isipokuwa katikati. Katikati palibaki mkanda mbichi, kutoka fulana hadi shuka, upana wa mabega ya mtu. Akazisogeza. Alipozigusa tena, mkanda ulikuwa palepale. Kama vile kuna mtu aliyesimama mbele ya mashine, ameielekea, akila joto lote.

Aliposikia sauti, ilikuwa mchana mweupe. Alikuwa akimnyonyesha Blessing. Rimoti ilikuwa juu ya kabati, mfukoni mwake.

*Tiit.*

Ndiyo sauti ya mashine inapopokea amri. Kibao cha kutolea hewa kikafunguka polepole, kama mdomo wa mtu anayepiga miayo, na ubani ukashuka.

*Tiit. Tiit. Tiit.* Mpaka thelathini.

Jioni alimweleza mumewe kwa sauti ya chini. Respicius hakubisha. Alikaa kitandani, koti mwilini, akaitazama mashine.

"Nimeisikia," alisema. "Nilidhani ni uchovu."

Walisali rozari. Siku iliyofuata Respicius akatoka kwenda kusimamia mzigo wao wa mwisho kupakiwa kwenye kontena, maana walikuwa karibu kurudi Bukoba, na mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Odilia, aliyechoka hadi machozi, na aliyekuwa hawezi tena kukisikiliza kile kikohozi, akaichukua rimoti akashusha, ishirini na nane, ishirini na tano, ishirini na mbili, na kila alipobonyeza mashine iliitika kwa utiifu, ubani ukapungua, hewa ikalegea, naye akajinyoosha kando ya mwanawe akamshukuru Mungu, akafumba macho, na hakujua amesinzia kiasi gani, ila alijua kilichomwamsha, nacho kilikuwa kimya, kwa sababu Blessing alikuwa ameacha kukohoa, amelala chali, macho wazi, akikitazama kitu kilichomwinamia, kitu ambacho Odilia hakukiona, lakini aliliona blanketi juu ya kifua cha mtoto limebonyea mahali pawili, mashimo mawili ya ukubwa wa viganja, namna mtu atokaye kwenye mvua anavyoikurubisha mikono kwenye jiko. Na alipomgusa mtoto shavu, lilikuwa baridi kama ukuta.

Akabonyeza. Thelathini. Akabonyeza tena, ingawa hapakuwa na zaidi.

Mashimo yakainuka taratibu, kama ya mtu asiye na haraka. Blessing akavuta pumzi, akaanza kukohoa.

Respicius aliporudi walimpigia Marijani, Tanga. Alipoona ni nani, uso wake kwenye simu ukazeeka.

"Anaota joto la mtoto?" aliuliza, kabla hawajasema lolote.

Odilia akaketi.

"Nyumbani nilikuwa namfukizia," Marijani alisema. "Ni wa kwetu, wa tangu babu. Nilipokuja naye huko, moshi wa ubani uliwasha king'ora, laoban, yule bosi wa jengo, akanifokea mbele za watu. Nikamwambia, basi ota hapo kwenye mashine. Tukakubaliana thelathini. Mkimpunguzia, shemeji, anatafuta penye joto jingine. Na mtoto ana joto kuliko mtu mzima."

"Ukatuachia," alisema Respicius.

"Nilikuuliza. Nilisema, umepokea vyote vilivyomo? Ukajibu, nimepokea vyote."

"Si ndivyo tunavyosema wote."

"Ndivyo tunavyosema," Marijani alikubali kwa sauti ndogo.

Na ni kweli. Watanzania wa Sanyuanli hupokezana vyumba kienyeji, bila mwenye nyumba kuja kukagua kitanda wala sufuria. Anayetoka huuliza, anayeingia hujibu, na neno hilo linatosha.

"Tunaondoka," Respicius alisema. "Tukimwacha hapa je?"

"Atawafuata, na ndani ya ndege hakuna mashine ya kuota. Yule haachwi, Respi. Hupokewa. Ulimpokea kwa simu, hakuna aliyemshika mkononi, ndiyo maana anaota popote. Mtu mmoja akishika rimoti, akatamka kwa hiari yake kwamba amepokea, ataota kwa huyo mmoja, awaache wengine."

"Mtu yeyote?"

"Mimi niliwapa ninyi," alisema Marijani. Kisha simu ikakatika, au aliikata.

Hawakutazamana. Wote wawili walijua nani anakuja kuchukua chumba.

Medard alifika siku ya safari, mchana, pamoja na mkewe Melania. Walikuwa wafanyabiashara wa nguo kutoka Mwanza. Melania alipanda ngazi akihema, mkono kiunoni, tumbo limetangulia.

"Jamani, joto," alisema mlangoni, akivua skafu. "Kule tunakolala tunajifunika makoti mpaka tunafanana na marobota. Dada, mnaiweka ngapi?"

"Thelathini," Odilia alisema.

"Huyu bwana atanizimia," Melania akacheka, akimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Lakini wa humu ndani anapenda joto. Nikipata baridi tu, ananipiga mateke."

Respicius alikuwa amemfunga Blessing kifuani kwa kitenge. Mtoto alikohoa. Respicius akakishika kichwa chake kwa kiganja na kumtazama Medard usoni, haraka haraka, kama mtu anayeruka shimo.

"Basi, ndugu yangu. Umepokea vyote?"

Medard akanyoosha mkono kuifuata rimoti.

Ilikuwa kwa Odilia, katika mfuko wake wa nailoni. Alihitaji kufungua vidole tu. Nyuma ya Medard, kwenye kamba tupu, hewa ilikuwa ikitetemeka kwa upana wa mabega ya mtu, na ilikuwa imegeuka. Haikuielekea mashine tena. Ililielekea tumbo.

"Hii si ya humu," alisema Odilia. "Mtanunua nyingine."

"Rimoti?" Medard aliduwaa.

"Nimeipokea mimi."

Neno hilo alilisema polepole, kwa hiari yake, na akashangaa jinsi lilivyokuwa jepesi. *Tiit*, mashine ikaitika. Kibao kikajifunga. Harufu ya ubani ikakoma mara moja, kama pumzi iliyozuiwa.

Kwenye ngazi Respicius alimshika mkono. "Umefanya nini, Mama Blessing?"

"Nimechoka. Usiniulize mpaka tufike."

Ndani ya treni ya kwenda uwanja wa ndege Blessing alikuwa amelala kifuani mwa baba yake, kinywa wazi, bila kikohozi, na jasho jembamba lilikuwa limeanza kung'aa kwenye paji lake la uso. Odilia aliligusa kwa nyuma ya kidole. Joto. Akaacha kidole hapo kidogo.

Respicius alikuwa ametoa betri za rimoti, amezifumbata kiganjani.

*Tiit.*

Wachina waliokaa jirani wakatazama simu zao. Respicius akafumbua kiganja. Betri zilikuwamo zote mbili. Akautazama mfuko wa koti la mkewe, ilimokuwa rimoti, kisha akayapandisha macho taratibu hadi kwenye sweta, hadi kifuani, ilikotoka sauti.

Odilia alitulia tuli, akisubiri. Vidole vyake vikaanza kupoa, kimoja, kisha kingine, kisha mkono hadi kwenye kiwiko. Kisha baridi ikarudi nyuma kidogo, ikasogea tena mbele kidogo, bila haraka, kama mtu anayetafuta kiwango kitakachomfaa kwa safari ndefu.