Kikao Kisichofungwa

Bi Hija alimimina chai vikombe ishirini na vitatu, kama ada: ishirini na viwili vya madiwani, kimoja cha Jovina, mwandishi wa vikao. Kikombe cha ishirini na nne kilikuwa cha akiba. Alikiacha juu ya sinia, kimefunikwa, kikavu. Kikao kilipovunjika na magari yakaondoka, alirudi ukumbini kukusanya vyombo, akakikuta kile cha akiba kiko safu ya nyuma, mbele ya kiti kisicho na mtu, kimefunuliwa, mashapo ya chai yametulia chini. Alikigusa. Kilikuwa bado cha moto.

"Jovina, mwanangu," akaita, "leo tulikuwa na mgeni?"

"Mgeni wa wapi, Bi Hija? Wenyewe wamekaa dakika kumi tu."

"Basi kuna mmoja kamaliza chai yake. Mwaka huu ndiye wa kwanza."

Jovina akacheka, akaendelea kukunja waya wa kinasa sauti chake. Bi Hija hakucheka. Alikiosha kile kikombe peke yake, mara tatu.

Baraza la mji wa Nyamfisi, ukishaipita Tegeta, lilikuwa na madiwani kumi na mmoja waliokaa upande wa madirisha na kumi na mmoja waliokaa upande wa mlango. Mitaani watu walishaacha kutaja vyama vyao. Waliwaita Madirisha na Mlango, basi. Mwenyekiti, Mama Demetria wa Mlango, alikipata kiti chake kwa kurusha shilingi, baada ya kura kufungana mara tatu. Kanuni ilisema kikao hakiendi bila wajumbe kumi na watano, kwa hiyo kila upande ulikuwa na silaha moja, nayo ilikuwa miguu. Ukiona hoja itampa mwenzako sifa, inuka, toka nje. Akidi imekufa.

Hoja iliyouawa kila mara ilikuwa ya daraja la waenda kwa miguu juu ya Mto Nyamfisi. Fedha zilikuwepo, michoro ilikuwepo, lililokosekana ni azimio la baraza tu. Lakini Mheshimiwa Benson, kiongozi wa Madirisha, alikuwa diwani wa ng'ambo ya mto, na Mheshimiwa Nurdin, kiongozi wa Mlango, alikuwa diwani wa huku. Kila mmoja alitaka daraja lianzie kwake na jiwe la uzinduzi likae kwake. Waandishi wa habari walipowauliza, walijibu kama walioandikiwa na mkono mmoja: "Sie tunalitaka daraja. Wanaokwamisha ni wale."

Jovina aliishi ng'ambo. Binti yake, Hope, alisoma darasa la tatu huku. Kila asubuhi alimkabidhi kwa wabebaji, vijana wanaovusha watu mgongoni, akasimama ukingoni mpaka aione sare ya mtoto imeibuka upande wa pili, ndipo naye avushwe kwenda kazini. Masika yaliyopita mto ulimchukua mke wa muuza mkaa, ukamrudisha siku ya tatu. Na masika mengine yalikuwa yamebakiza wiki mbili.

Kwa hiyo kila kikao kilipovunjika, Jovina alirudi mezani na hasira mbichi. Aliufungua muhtasari wa zamani kwenye kompyuta, akabadilisha tarehe, akabadilisha majina ya waliotoka nje, akachapa. Ilimchukua robo saa. Hakuwa na moyo wa zaidi.

Kikao kilichofuata kilikutana na mvua. Ilianza saa nane mchana, ghafla, mbingu ikashuka hadi kwenye mabati, na ukumbi ukawa mweusi kiasi cha kuwashwa taa. Mama Demetria alisimama, akasoma dua ya kufungua kikao, wote wakaitikia amina. Jovina akahesabu sahihi kwenye rejista: ishirini na mbili. Kisha, kwa mazoea, akahesabu vichwa.

Ishirini na tatu.

Akahesabu tena. Ishirini na tatu. Alipojaribu kuzitazama nyuso moja moja ili amjue aliyezidi, hesabu ilirudi ishirini na mbili, na alipolegeza macho na kutazama ukumbi mzima kwa pamoja, kama mtu anayetazama shamba, mmoja alizidi tena, huko nyuma, katikati ya pande mbili, mahali ambapo hapakuwa na upande.

Ndipo harufu ikaja. Kwanza ilikuwa kama ya mvua juu ya zege la moto. Chini yake kukawa na nyingine, kama ubani uliochomwa pamoja na nywele.

Daraja lilipotajwa, siku hiyo hakuna aliyetoka nje mara moja. Si kwa mapenzi, ni kwa mvua: maegesho yote yalikuwa bwawa. Mama Demetria akaona bahati. "Waheshimiwa, naomba nilihoji baraza. Wanaoafiki hoja ya daraja waseme ndiyo!"

Kila upande ulikuwa unausubiri mwingine uanze.

"Wasioafiki waseme siyo!"

"Siyo."

Ilikuwa sauti moja, ya upole, isiyo na haraka. Benson akaruka juu. "Mmemsikia? Mmewasikia Mlango? Sasa nani adui wa wananchi?"

"Kinywa chako hicho hicho!" Nurdin akamjibu. "Imetoka kwako, Benson, usituletee maigizo! Nyie ndio mnaokwamisha!"

"Nyie!"

"Nyie!"

Na wakatoka, mvuani humo humo, suti zikilowa, kila kundi kwa upande wake. Ukumbini kikabaki kiti kimoja kikijisogeza polepole sakafuni, kwaaa, kama mtu mnene anayejiweka sawa ili akae zaidi.

Kesho yake, muhtasari ukiwa umeshatiwa sahihi kama kawaida, Jovina alivaa visikilizio, akafungua kinasa sauti ili amjue aliyesema siyo. Alisikia mvua, akasikia dua, akasikia ile siyo. Kisha likaja zogo, na ndani ya zogo, karibu sana na kipaza sauti, kana kwamba mdomo wa msemaji ulikuwa umegusa chuma, akasikia kitu ambacho ukumbini hakukisikia mtu. Nurdin aliposema, "Nyie ndio mnaokwamisha," sauti ile ya upole ilijibu, "Ni kweli." Benson aliposema, "Nyie," sauti ikajibu, "Ni kweli." Nyie, ni kweli, nyie, ni kweli, na kila ilipojibu ilikuwa imenenepa kidogo, kama mtoto anayenyonya. Mwisho wa yote, madiwani walipokwisha kutoka na mvua ikabaki peke yake, sauti ikapumua kwa kushiba, ikasema taratibu, "Jovina, umeandika?"

Alivivuta visikilizio kwa nguvu hadi sikio likachubuka. Alijikuta jikoni kwa Bi Hija, miguu mitupu, hajui viatu kaviacha wapi.

"Sema polepole," Bi Hija alimnong'oneza, akaufunga mlango wa jiko. Huyu mpika chai alikuwa mtoto wa mganga wa Bagamoyo. Kazi ile hakuirithi, ila maneno yake aliyajua. "Nakuuliza kitu kimoja. Vikao vyao wanavifungua kwa dua?"

"Vyote."

"Na kuvifunga?"

Jovina akaitazama miguu yake mitupu.

"Nakuuliza, mwanangu. Mlango ukiufungua kwa jina la Mungu, ukaondoka umeuacha wazi, unadhani anayepita hapo ni nani? Mara ngapi wamefungua wasifunge?"

"Tisa," Jovina akasema, na papo hapo akakumbuka mstari wa mwisho wa ule muhtasari wa zamani, mstari ambao hakuwahi kuubadilisha, uliokuwa umepita chini ya sahihi yake mara tisa: *Mwenyekiti alifunga kikao kwa dua.*

Bi Hija akamtazama sana. "Basi anajua kwamba hatafutwi. Vitabu vinasema mlango umefungwa."

Siku tatu baadaye Mama Demetria aliita kikao cha dharura. Hakutaja sababu, lakini walikuja wote ishirini na wawili, maana kila mmoja alikuwa na lake alilokwisha kuliona: mmoja kiti chake kilikuwa na joto kabla hajakikalia, mwingine alisikia kikohozi ndani ya kabati la rejista, mwingine nyumbani kwake Mbezi Beach mkewe alimuuliza ni nani huyo aliyerudi naye. Ulikuwa mchana, lakini wingu lilikaa juu ya mabati kama paka juu ya ghala. Bi Hija aliingia na chetezo mkononi. Hakuna aliyemzuia.

"Wewe uliyeketi," akasema, "umeletwa na nani?"

Kwenye meza ya nyuma, mbele ya kiti kitupu, taa nyekundu ya kipaza sauti ikawaka yenyewe.

"Nimekaribishwa," sauti ikasema. "Mara tisa mmenifungulia. Hakuna aliyeniaga."

Diwani mmoja akaanza kulia kimyakimya, kama mtoto aliyekatazwa kulia.

"Utatoka ukipewa nini?" Bi Hija akauliza. "Mbuzi? Kuku mwekundu?"

"Mie sili mbuzi. Waseme tu. Kila upande useme: tulikuita sisi."

"Mmesikia, wanangu," Bi Hija akawageukia. "Ni rahisi kuliko kuku. Semeni, nami nifunge kwa dua, aende zake."

Benson alilamba midomo. "Sie tuko tayari. Waanze Mlango."

"Kwa nini tuanze sie?" Nurdin akanong'ona kwa hasira. "Tukisema sie kwanza, kesho mtatuchapisha magazetini kuwa tumekiri."

"Semeni kwa pamoja!" Mama Demetria akawasihi. "Nawahesabia. Moja, mbili, tatu."

Wakavuta pumzi wote, na wote wakaizuia, kila mmoja akimtazama mdomoni wa upande wa pili. Na harufu ya nywele zinazoungua ikajaa hadi machozi yakawatoka, na viti vikaanza kujisogeza, kimoja, kisha viwili, kisha safu nzima ikikwaruza sakafu kuelekea katikati, na nje mvua ikamwagika kwa mara ya kwanza mwaka huo kama inavyomwagika masika, mvua ya kujaza mito, na Jovina akiisikia alimwona akilini Hope akitoka darasani na mkoba kichwani akielekea mtoni, akajiona mwenyewe mbele ya kompyuta, robo saa, robo saa, mara tisa, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa amesimama.

"Ni mie," akasema. "Vikao havikufungwa, nami niliandika vimefungwa. Uongo huo nimeutia sahihi mara tisa. Upande wangu nimeusema. Sasa semeni wenu, waheshimiwa. Nina mtoto mtoni. Nawaomba."

Madiwani wakatazamana, na usoni mwao, kwa mara ya kwanza tangu baraza lile liundwe, ulipita unafuu mmoja, pande zote mbili, kama upepo unaopita juu ya mpunga.

"Kumbe ni karani," akasema Benson.

"Karani!" akasema Nurdin. "Sie tunateseka hapa, kumbe ni karani!"

"Natoa hoja asimamishwe kazi."

"Naunga mkono."

Mama Demetria alimtazama Jovina, kisha akatazama chini. "Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo!"

Ilikuwa ndiyo moja, ya pande mbili, iliyotikisa mabati, na ndani yake ilikuwepo ile ya upole, ikiongoza. Taa nyekundu ikazimika. Harufu ikakatika. Viti vikasimama. Watu wakapeana mikono, Madirisha kwa Mlango, wakicheka kwa woga uliokwisha, wakatoka nje kabla Bi Hija hajapata wa kumwitikia amina.

"Ametoka?" Jovina akamuuliza.

Bi Hija alikuwa anakitazama chetezo. Kilikuwa baridi. "Ametoka, ndiyo," akanong'ona. "Ila hakutoka peke yake, ametoka nao. Hahitaji tena kiti, mwanangu. Kimbia mtoni."

Mto ulikuwa umepanda hadi kwenye nguzo za kamba. Maji yakijaa, wabebaji hufunga kamba toka ukingo hadi ukingo: vijana wa ng'ambo huivuta, vijana wa huku huilegeza taratibu, na mbebaji hupita katikati ameishika, mtu mgongoni. Jovina alimkuta Hope kwenye foleni akiwa salama, akamshukuru Mungu. Alivushwa yeye kwanza, ili ampokee. Akageuka kumtazama.

Hope alikuwa katikati ya mto, mikono shingoni kwa mbebaji, na kamba ilikuwa imesimama.

"Legezeni nyie!" walipiga kelele vijana wa ng'ambo.

"Vuteni nyie kwanza!" wakajibu wa huku. "Mnachelewesha nyie!"

"Tukivuta hamjalegeza si mnatuangusha? Nyie ndio siku zote!"

Maji yalimfika mbebaji kifuani, yakamfika kwapani, naye akipiga mayowe ambayo hakuna aliyeyasikiliza, kwa kuwa kingo zote mbili zilikuwa zinanyoosheana vidole, na juu ya harufu ya tope Jovina akaisikia ile nyingine, ya nywele, ikivuka mto kwa raha bila kubebwa na mtu, na hapo akajitosa hadi kiunoni, akaikamata kamba kwa mikono miwili.

"Ni mie!" akalia kwa wa huku. "Kosa langu mie, nimekubali! Legezeni tu, baba zangu! Semeni ni Jovina!"

Wa huku walimshangaa. Mikono ikalegea. Akavuta. Viganja vikachanika, akavuta, mpaka sare ya Hope ikaibuka kwenye majani na mbebaji akaanguka kifudifudi akitapika maji.

Alimkumbatia mtoto tope kwa tope. Alikuwa mzima. Meno yake yaligongana kwa baridi.

"Mama," Hope akasema, "yule mwingine mbona hamjamvuta?"

"Yupi, mwanangu?"

"Aliyekuwa mgongoni kwangu. Mzito huyo! Nikamuuliza wewe wa upande gani."

"Akasemaje?"

"Kasema wa kote kote."

Nyuma yao vijana wa kingo mbili walikuwa wameshaanza tena, wakiulizana nani aliyetaka kumuua mtoto wa watu. Ni nyie, wakasema wa huku. Ni nyie, wakasema wa ng'ambo. Na kutoka katikati ya maji, kwa upole, bila haraka, kila mmoja akajibiwa:

"Ni kweli."