Mtu wa Karibu

"Toka nje, tapeli!"

Jamani, huyo ni mke mwenzangu, Shemsa. Saa nne asubuhi, barazani kwangu Makorora, kapanda gari toka Muheza kwa ajili yangu tu!

Akanisukumia simu usoni.

Ilikuwa picha yangu! Ile niliyopiga sikukuu ya Idi, na mtandio wa zambarau. Juu yake maandishi mekundu: GHADIR, TAPELI WA MIKOPO.

Chini wameandika: "Asipolipa kabla ya saa nane mchana, picha hii inakwenda kwa namba zote zilizo kwenye simu yake."

Nikasoma mara mbili.

Namba zote! Humo yumo Bi Hasina, mama wa kijana anayemposa binti yangu Siham. Posa inakuja Ijumaa, na siku hiyo ni Jumatano...

"Wanasema mimi ndiye mtu wako wa karibu!" Shemsa akafoka. "Mimi na wewe, tangu lini?"

Wadau, nikaangalia chini. Nilijua.

Ngojeni niseme ukweli, mtanitukana baadaye.

Mimi ni mke mkubwa wa Mselem, mfanyabiashara wa machungwa. Mwaka juzi alipomuoa Shemsa nilisema nimeridhia. Uongo mtupu! Wivu ulikuwa unanila mpaka nashindwa kumeza chakula.

Siku moja nafungua status ya Shemsa, nakuta friji. Milango miwili! Kaandika: "Ahsante mume wangu, Mungu akuzidishie."

Mimi nachota maji kwenye mtungi, yeye milango miwili?

Sikumuuliza Mselem. Angejua naumia. Nikapakua app ya mkopo. Ikauliza kipato cha mwezi, nikaandika laki nane. Laki nane, muuza visheti mimi! Hakuna aliyepiga simu kuhakiki. Dakika tano, pesa imeingia.

Ikaomba ruhusa ya kuona picha na namba zote za simu yangu, nikabonyeza ndiyo. Ikataka pia namba ya mtu wa karibu, wa kupigiwa nikichelewa kulipa.

Nikaweka ya Shemsa. Makusudi! Wakisumbua, wamsumbue yeye.

Nikanunua bangili ya dhahabu, nikapiga picha mkono, nikaandika: "Baba Siham, hujawahi kukosea."

Wiki sita baadaye deni lilikuwa limekaribia mara mbili.

"Kwani Mselem kakupa dhahabu, halafu unakopa cha nini?" Shemsa akauliza.

Nikaificha bangili kwa mtandio.

"Da Ghadir, nakuuliza!"

"Hakunipa. Nimejinunulia, kwa mkopo huohuo."

Akaduwaa. Kabla hajanicheka, simu yangu ikaita. Namba ngeni. Nikaweka sauti kubwa.

"Wewe ni Ghadir, mtu wa karibu wa Shemsa? Mwambie alipe mkopo wa friji!"

Weee!

Nikamgeukia. "Shemsa?"

Akakaa chini, hapohapo kwenye sakafu.

"Nilitaka uumie," akasema. "Kila Ijumaa unaweka picha za Mselem anakula biriani kwako. Mimi nilikuwa nalia."

Wallahi nilicheka huku machozi yananitoka. Biriani yangu ilimtia yeye kwenye mkopo, friji lake likanitia mimi, na Mselem hajanunua hata kijiko!

"Hawa watu ni wauaji," Shemsa akasema. "Wanatupa pesa bila kuuliza tutalipa na nini."

"Waliuliza. Nikadanganya."

"Na walijua unadanganya! Wanataka ushindwe ndiyo wale riba."

"Kidole kilichobonyeza ni changu, Shemsa."

"Na hii picha ya tapeli, imebandikwa na kidole chako?"

Nikaivua bangili.

Tukakimbilia kwa sonara. Bangili akainunua kwa hasara yangu. Kilichopungua alitoa Shemsa, hela aliyotaka kulipia friji lake. Saa saba na nusu nikamaliza deni. Ujumbe ukaingia: "Ahsante kwa kulipa."

Saa nane kamili wakaituma ile picha kwa watu wote!

Bi Hasina akapiga. Kabla sijapokea, Shemsa akaninyang'anya simu, akaweka sauti kubwa.

"Shikamoo, mama. Ni Shemsa, mke mwenza wa Ghadir. Deni limelipwa, ujumbe wa malipo nakutumia sasa hivi. Waongo ni hao waliotuma."

"Marahaba. Wewe mke mwenza ndiye unayemtetea?"

"Mimi ndiye mtu wake wa karibu."



"Basi Ijumaa tunakuja," Bi Hasina akasema.

Jioni Mselem akaingia, akatukuta wake zake wawili tumekaa mkeka mmoja. Akataka kugeuza.

"Rudi hapa!" nikamwambia. "Ulikuwa unaziona status zetu?"

"Naziona."

"Friji ulinunua wewe? Bangili ulinunua wewe?"

Akajikuna shingo. "Nilidhani kila mmoja kauza vitu vyake... Nikaona mnanisifu, na sokoni watu wananipongeza. Nikanyamaza."

Sasa friji tunalilipa watu watatu, na fungu kubwa ni lake!

Wadau, wakopeshaji wale wana dhambi yao, na nimewashtaki. Kwa kuniaibisha, watajibu. Lakini laki nane niliandika mimi, na namba ya Shemsa niliweka mimi.

Wewe unayesoma hapa huku roho inakuuma kwa kitu cha mwenzio, kabla hujapakua hiyo app, nenda kwanza kamuulize alikinunua kwa hela ya nani.