Egesa Alipotulia

Watu wa Dabani walimjua Egesa kwa sauti ya kazi yake. Alikuwa mfyatua matofali. Jua likichomoza tu, yeye yuko bondeni, anabamiza udongo ndani ya kalibu, lile sanduku dogo la mbao la kufyatulia. Pa! Pa! Wanafunzi wakisikia, walijua ni saa ya kunawa uso. Mkewe Taaka akisikia, alibandika chai. Baadaye alijitwika nyanya zake akaenda kuziuza Busia, karibu na mpaka wa Kenya.

Walikuwa na binti mmoja, Winfred, wa miaka tisa. Hawakuwa matajiri, lakini nyumba yao ilikuwa na utaratibu.

Basi mwezi wa pili, wakati wa jua kali, Egesa aliacha kulala.

"Mama Winfred," alimwambia mkewe, macho yanang'aa, "mimi nakwenda kujenga chuo kikuu hapa Dabani. Watu wa Kenya watavuka mpaka kuja kusoma kwangu!"

Taaka alicheka sana. Alidhani ni mzaha.

Siku ya tatu hakucheka tena. Egesa alisema bila kupumzika. Neno moja halijaisha, jingine limeingia. Hakula. Hakulala. Na cha ajabu, hakuchoka! Alifyatua matofali mengi mpaka udongo ukaisha. Siku ya tano alipanda juu ya nyumba akaanza kung'oa mabati.

"Haya ni ya chuo!" alipaza sauti.

"Baba, shuka!" Winfred alilia. Baba yake alipokanyaga chini, mtoto akamshika mguu. Egesa akamsukuma. Winfred akaangukia matofali, paji la uso likapasuka. Baba mtu hakugeuka hata kumtazama.

Ndipo Oguttu, mdogo wake Egesa, alipokuja na wanaume wanne na kamba. Egesa alipigana nao kwa nguvu zote. Na Taaka ndiye aliyeshika kamba upande mmoja. Nasema hili waziwazi kwa sababu yeye mwenyewe hulisema.

Walimpeleka kwenye nyumba ya maombi, ng'ambo ya bonde. Wakaambiwa ana pepo. Alifungwa kwenye nguzo wiki tatu, chakula kidogo, dawa hakuna. Alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Halafu siku moja akanyamaza.

Walimrudisha nyumbani amekonda, na vidonda kwenye vifundo vya mikono pale kamba ilipokaa. Hakusema chuo. Hakusema chochote.

"Ametulia!" Oguttu alisema.

"Ametulia!" Taaka akaitikia, na machozi ya furaha yakamtoka. Maskini! Neno hilo lilimwingia vizuri moyoni, na mimi simlaumu. Mtu aliyechoka na kelele huona kila ukimya ni uponyaji.

Wakaamua kufanya ibada ya shukrani.

Juma hilo Egesa alimwita mdogo wake. Akampa kalibu zake zote. "Chukua," alisema. "Mimi sina kazi nazo." Oguttu alishukuru, akaenda nazo. Egesa akamwita na Winfred pia. Akamgusa kovu la paji la uso. "Umtunze mama yako," alimwambia. Taaka alikuwa anamenya ndizi, akasikia. Akafurahi kwamba mume wake amekuwa mpole.

Siku ya shukrani ikafika. Hema likasimamishwa, viti vikaletwa kwa pikapu, mbuzi akachinjwa. Watu waliimba na kupiga makofi. Egesa aliwekwa mbele, kwenye kiti kizuri, amevaa shati jeupe la mikono mirefu. Inzi walitua kwenye sahani yake. Hakuwafukuza.

Jirani yao Apio alikuja amechelewa. Apio ni mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamke wa maneno machache. Alikataa chakula. Akachuchumaa kando ya kiti cha Egesa.

"Baba Winfred, habari ya kulala?"

"Nalala tu. Kutwa nzima."

"Na chakula?"

"Nasikia kama natafuna udongo."

"Nimesikia umegawa kalibu zako."

Egesa alivuta mikono ya shati mpaka vidoleni.

"Wewe ni jirani yangu, kwa hiyo nakuuliza wazi," Apio alisema polepole. "Unafikiria kujiua?"

Taaka alikuwa anapita na sufuria ya nyama. Akasimama. "Apio! Siku ya shukrani, wewe unamtia mume wangu maneno mabaya namna hiyo mdomoni?"

Egesa akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Hajanitia," alisema. "Yalikuwamo." Akatazama watu wanaokula. "Nilikuwa nangoja tu shughuli iishe. Sikutaka mbuzi wenu apotee bure."

Sufuria ilimponyoka Taaka. Nyama ikamwagika mchangani, na nyimbo zikakatika moja moja.

"Lakini ametulia!" Oguttu alisema. Alikuwa karibu kulia.

"Huku si kutulia," Apio akamjibu. "Ni kuzama. Kumuuliza mtu hivi hakumpi wazo la kufa. Kunampa nafasi ya kulisema. Niambie, shemeji, katika ukoo wenu kuna mwingine aliyekuwa hivi?"

"Shangazi Betty," Oguttu alisema. "Mwezi mzima aliimba barabarani, akawapa watu nguo zake. Halafu akakaa kimya ndani ya nyumba. Tukasema amepona. Tukamtoa mtoni." Akafuta uso. "Tulisema amelogwa."

"Basi huyu hatutamtoa mtoni," Apio alisema. Akaanza kuwagawia kazi. "Mama Winfred, usimwache peke yake hata akienda chooni. Oguttu, kusanya dawa za shamba, kamba na vitu vyote vya hatari, peleka kwangu, nitavifungia. Halafu tunakwenda hospitali ya Tororo. Leo, si kesho."

Pikapu iliyoleta viti ndiyo iliyowapeleka. Egesa aliketi katikati ya mkewe na Apio. Njia nzima Taaka hakuuachia mkono wa mumewe.

Hospitalini walipokewa na Tabibu Emojong, mwanaume mwembamba wa kitengo cha afya ya akili. Alimkunjia Egesa mikono ya shati, akaona vidonda.

"Nani alimfunga?"

"Ni mimi," Taaka alisema. "Nilishika kamba."

Tabibu hakumgombeza. Alileta maji na pamba akaanza kusafisha. Taaka alisema baadaye kwamba afadhali angegombezwa.

"Ugonjwa huu unaitwa baipola," Emojong alieleza akiendelea kusafisha. "Ni ugonjwa wa ubongo. Unampandisha mtu, halafu unamshusha. Akipanda halali, anasema sana, anajiona anaweza kila kitu. Nyinyi mnaogopa hapo kwa sababu kuna kelele. Akishuka ananyamaza, anakata tamaa, anajiona mzigo. Hapo hamwogopi, na hapo ndipo wengi hufa."

"Nani alimroga?" Taaka aliuliza.

"Hakuna mtu. Mara nyingi hutembea katika ukoo, kama kisukari. Hauambukizi."

"Na maombi?" Oguttu aliuliza kwa woga.

"Ombeni. Lakini msimfunge mtu, wala msimnyime dawa."

"Atapona?"

Tabibu akatupa pamba. "Sitakudanganya, mama. Ugonjwa huu hukaa na mtu. Lakini unashikika. Dawa kila siku, hata akijisikia mzima. Kupimwa damu tukimwita. Usingizi wa kutosha. Pombe aache."

Egesa alilazwa wiki tatu. Haikuwa rahisi, na anayewaambia ilikuwa rahisi hajauguza mtu. Dawa zilimtetemesha mikono, akashindwa kunyoosha tofali. Kiu haikumwisha. Mwezi wa nne wa kutumia dawa alizitupa chooni. "Mimi ni mzima sasa," alisema, na ndani ya juma moja akazama tena. Taaka akamrudisha Tororo.

"Dawa ikikutesa, njoo uniambie," Emojong alimwambia. "Tunaweza kupunguza, tunaweza kubadilisha. Usiache mwenyewe."

Alibadilishiwa, na mikono ikatulia kidogo. Lakini wateja wengine hawakurudi. "Matofali ya kichaa," walisema, huku nyumba zao wenyewe zimesimama kwa matofali hayohayo! Winfred naye, kwa miezi mingi, baba yake akinyanyua mkono ghafla alirudi nyuma hatua moja. Egesa aliliona hilo kila mara, na liliuma kuliko kamba.

Siku moja kliniki, Egesa akiwa na afya njema, tabibu alimwambia, "Mwambie mkeo sasa, afanye nini siku ambayo wewe hutasikia la mtu."

Egesa alifikiri. "Nikikosa usingizi siku mbili, anilete. Nikikataa, amwite Apio na Oguttu, anilete vilevile." Akashika vifundo vya mikono yake. "Lakini kamba, hapana."

"Kamba hapana," Taaka alisema.

Ukapita mwaka na zaidi. Oguttu alikuwa amerudisha kalibu, na asubuhi za Dabani zilikuwa na sauti ya Egesa tena.

Ndipo asubuhi moja Taaka alipoamka na kusikia pa, pa, pa, haraka haraka, na jua bado. Akatoka nje. Bonde zima lilikuwa limejaa safu za matofali mabichi, kazi ambayo huchukua siku nne. Akaona Egesa anapanda kutoka bondeni, udongo hadi viwikoni, macho yanang'aa. Winfred alikuwa mlangoni. Taaka akamsogeza nyuma yake.

Egesa alisimama mbele yao. Midomo ilikuwa inamcheza.

"Mama Winfred, nasikia utamu. Ule utamu wa mara ya kwanza."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Sijalala. Nilikuficha." Akameza mate. "Kichwani najua naweza kujenga chuo. Najua kabisa! Nipeleke Tororo sasa hivi, kabla sijaanza kukataa."

Taaka alimtazama mume wake. Akamwagia moto maji, akajifunga leso kiunoni, akampigia Apio simu. Winfred aliingia ndani. Akatoka na viatu vya baba yake, akaja mwenyewe, akaviweka miguuni pake.

Juma hilo wanafunzi wa Dabani walichelewa shule. Juma lililofuata sauti ikarudi. Pa! Taaka aliisikia akiwa kitandani, akageukia dirisha kwanza. Jua lilikuwa limechomoza. Akaamka akabandika chai.