Kinyozi na Dada Joto

Asubuhi ile mama yake alipochukuliwa, kinyozi alikuwa ameshamwekea maji ya kuoga kwenye beseni. Wakaingia watu wawili wa idara ya afya, wamejifunika nguo nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni. Wakamlaza mama kwenye machela, wakapuliza dawa mlangoni, gari likaondoka. Maji yakapoa pale pale.

Mama hakurudi. Walimzika wale wale wa nguo nyeupe. Kinyozi hakuruhusiwa hata kwenda makaburini, kwa kuwa ndiye aliyemuuguza. Ilibidi akae ndani majuma matatu, ionekane kama na yeye ameambukizwa.

Siku iliyofuata simu ikaita.

"Habari za asubuhi, kaka. Pole sana kwa msiba. Napiga kutoka idara ya afya, nitakuwa nakuuliza joto lako asubuhi na jioni."

"Joto langu linakuhusu nini? Mama yangu mmemzika kama mzigo."

Msichana aliyepiga akauliza, "Unataka kujua alipolazwa?"

"Nani ataniambia?"

"Nipe mpaka jioni."

Msichana alipotoka kazini alikwenda makaburini mwenyewe, kwa miguu, viatu vikajaa vumbi jekundu. Jioni akapiga.

"Nimefika. Ni upande wa ukuta, chini ya taa. Udongo wameusawazisha vizuri na jina lake wameliandika. Nimesimama pale kidogo kwa niaba yako."

Kinyozi akaketi sakafuni akalia. Msichana hakukata simu. Alimsubiri mpaka akamaliza, ndipo akauliza polepole, "Na joto, kaka?"

Tangu siku hiyo kinyozi akamwita Dada Joto, naye msichana akamwita Kinyozi. Dada Joto alimweleza habari za kirusi kilichomuua mama: kwamba hakiruki hewani, kinapita kwenye majimaji ya mgonjwa, tena sabuni ya kawaida inakimaliza kikiwa mikononi. Mama mdogo, mdogo wa marehemu, alikuwa akimletea chakula na kukiacha kizingitini, na alipopita dirishani alimsikia akicheka. Akashukuru, kwa maana alikuwa hajamsikia akicheka tangu msiba.

"Thelathini na sita nukta nne," kinyozi alisema asubuhi moja. "Na moyo je, hupimi?"

"Moyo si idara yangu."

"Ni idara ya nani?"

"Kaulize mapokezi. Na hicho kipimajoto umekitoa mapema, hebu kirudishe kwapani."

Wenzake Dada Joto katika ukumbi wa simu walikuwa wakimtazama, viatu kavua chini ya meza, anazungusha msuko mmoja kidoleni. "Wagonjwa wengine unawamaliza haraka," mmoja akamchokoza. "Huyu wa kinyozi ana makwapa mangapi ya kupimwa?"

Zikabaki siku chache kinyozi atoke. Asubuhi hiyo aliamka kichwa kinagonga na mwili unawaka. Akakitazama kipimajoto, akakifunika kwa mto.

"Thelathini na sita nukta sita," alisema.

"Sema tena."

"Si umesikia?"

"Unahema kama mtu aliyepanda ngazi. Na meno yanagongana."

"Ni baridi tu."

"Jua linachoma tangu asubuhi, mpenzi." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo, na kwa mkono mwingine alikuwa ameshainua simu ya kuitia gari.

Kinyozi akaisikia sauti yake ikitaja mtaa. "Usilete lile gari! Mama aliingia humo akiwa anaongea. Nakuomba."

"Najua, mpenzi. Linakuja."

Mtaa mzima ulimwona akibebwa. Damu ikapimwa, ikapimwa tena, kirusi hakikuwemo. Ilikuwa malaria, tena ile ya kupanda kichwani. Daktari alisema angelala nayo usiku mmoja zaidi, wangemkuta maiti.

Alirudi na cheti cha hospitali kuwa hana kirusi, akakitundika juu ya kioo cha kibanda chake. Wateja hawakuja. Waliokuwa wakigombea kiti chake sasa walipita upande wa pili wa barabara.

"Jirani," fundi viatu wa kibanda cha pili alimwambia, ndevu zimemfika kifuani, "wananiuliza kama na uzi wangu una kirusi. Nimewajibu ni mchovu tu."

Dada Joto alipiga kwa simu yake mwenyewe, kinyozi hakupokea. Akatuma ujumbe wa sauti: "Nitukane basi, nijue umepona." Kinyozi aliusikiliza mara nyingi, asijibu.

Mama mdogo akachoka kumtazama. "Una hasira na nani hasa, mwanangu?"

"Nilimsihi, mama. Akaleta gari. Sasa nanuka mtaa mzima."

"Ungefia pale kitandani na heshima zako zote. Ndiyo ulitaka?" Akaketi karibu naye. "Dada yangu tulimwachia akatae gari mpaka akaishiwa nguvu. Wewe hukuachiwa."

Usiku huo mama mdogo ndiye aliyempigia Dada Joto kwa simu ya kinyozi, akamweleza juu ya kibanda kisicho na wateja.

Jumamosi, barabara ikiwa imefurika watu, msichana mfupi mwenye gauni la manjano, kitambulisho cha idara ya afya kifuani na misuko ya kufika mgongoni aliwapita wote waliosimama kando, akaketi kwenye kiti.

"Ninyoe. Zote."

Kinyozi aliijua sauti kabla ya sura.

"Wewe?"

"Mimi. Ulidhani nikoje?"

"Nilidhani mrefu."

"Pole."

"Nywele hizi umezifuga miaka."

"Zitaota. Watu wanatazama, Kinyozi, fanya kazi."

Akamfunga kitambaa shingoni, akaweka kiganja juu ya kichwa chake. Hawakuwa wamewahi kugusana. Misuko ikaanza kuanguka, na mlangoni watu wakasogea.

"Huyo si wa idara ya afya?" fundi viatu akauliza.

"Ndiye," msichana akajibu bila kugeuka. "Na wewe ndevu hizo unamfugia nani? Panga foleni."

Watu wakacheka. Fundi viatu akavuta stuli, akakaa.

Kinyozi akainama sikioni mwake. "Nilikukasirikia sana."

"Najua."

"Na ningekufa."

"Hilo nalo najua."

"Ikitokea tena, utaleta gari?"

"Asubuhi na mapema."

Akazima mashine. "Basi nikuoe?"

"Maliza kwanza upande wa kushoto," alisema, machozi yakimtiririka juu ya kitambaa, "halafu nitakwambia ndiyo."

Harusi ni mwezi ujao. Mahali pa mama wa bwana harusi atakaa mama mdogo.