Wembe wa Kupimia Pistoni

Kila siku baada ya shule Dafroza alipita nyumbani Nyasho, akavua sare, akala alichoachiwa na mama yake, kisha akakimbilia gereji ya baba yake. Hakuna aliyemlazimisha. Msichana huyu wa darasa la sita alipenda harufu ya mafuta ya taa kuliko wenzake walivyopenda maandazi.

Ulikuwa mwaka 1987. Maduka yalianza kujaa tena baada ya miaka ya foleni za sabuni, lakini vipuri bado vilikuwa vya kubahatisha. Hapo gereji ilikuwepo pikipiki ya magurudumu manne ya zahanati, ambayo muuguzi Helena aliitumia kupeleka chanjo vijijini, mbele ya Nyegina. Injini yake ilikuwa imechoka. Fundi Makongoro, baba yake Dafroza, alingoja miezi minne kupata pistoni mpya, nayo ilikuja moja tu.

Pistoni haitakiwi kubana ndani ya silinda. Ikipata moto hutanuka, kwa hiyo huachiwa nafasi ndogo pembeni. Geji ya kupimia nafasi hiyo ilivunjika zamani, na nyingine haikupatikana. Makongoro akatafuta wembe wenye unene uleule, akauhifadhi kwenye kopo. Alikuwa akisugua silinda kwa msasa laini mpaka wembe upite kando ya pistoni bila kulazimishwa. Hapo alijua kazi imekwisha.

Jumatatu injini iliwaka vizuri. Helena alifika na pikipiki hadi Makoko, ikakwama ghafla. Ilisukumwa hadi gereji, na Makongoro alipoifungua alikuta pistoni imechubuka.

"Imebana," alisema. "Na mimi nilipima mwenyewe." Akamgeukia Helena. "Sista, hii oili uliyoleta siyo. Siku hizi watu wanachanganyaga."

"Nimeifuata mpaka Bunda, fundi," Helena alijibu kwa aibu. "Na Alhamisi akina mama wananisubiri na watoto."

"Basi tafuta nyingine, tufunge tena. Ila ikikwama mara ya pili, hii pistoni imekufa, na sina nyingine."

Helena akachukua mkoba wake aondoke. Dafroza alikuwa ameinama juu ya karai la kuoshea vyuma. Yeye alijua kitu ambacho wakubwa wale wawili hawakukijua. Wiki iliyopita alichukua ule wembe achongee penseli, ukakatika vipande viwili. Alinunua mwingine dukani, akaupaka oili chafu ili ufanane na wa zamani, akautia kwenye kopo. Wembe ni wembe, alijiambia.

"Baba," aliita. "Oili ya Sista haina kosa."

Akaeleza yote, machozi yakimtoka. Makongoro hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alifuta mikono yake taratibu kwa kitambaa.

"Vile vipande viko wapi?"

"Kimoja kipo kwenye mkoba wa shule."

"Kimbia."

Kipande kilipoletwa, Makongoro aliubonyeza kila wembe kwa vidole. Ule mpya ulikuwa mwembamba zaidi, ulipinda kama karatasi. Akauingiza kando ya pistoni, ukapita. Akajaribu kile kipande cha zamani, kikakataa.

"Nafasi haitoshi," alisema, akainua macho. "Sista, unisamehe. Nimekushtaki bure. Na wewe Dafroza, msasa huu hapa. Utasugua wewe, mimi nitakuwa napima."

Dafroza alisugua siku mbili, Jumanne na Jumatano, mpaka vidole vikavimba. Baba yake alilainisha michubuko ya pistoni na kupima kila mara. Jioni ya Jumatano kile kipande kilipita. Wakaifunga injini, na pikipiki ikaenda Makoko na kurudi mara tatu bila kusita.

Asubuhi ya Alhamisi Helena alifunga sanduku la chanjo nyuma ya pikipiki. Akamtazama Dafroza. "Mwenzangu, itanifikisha? Na nikuamini kwa nini?"

"Itafika, Sista. Safari hii sijaficha kitu."

Helena akatabasamu, akawasha, akaondoka.

Mchana ule Dafroza hakusikia neno la mwalimu darasani. Jioni alikuwa barabarani pamoja na baba yake. Jua likikaribia kuzama, wakasikia mngurumo, kisha wakamwona Helena, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Watoto sitini na wawili," alisema akishuka. "Hata mmoja hakurudi bila chanjo."

Dafroza akalia tena, safari hii kwa furaha. Makongoro akamwekea mkono begani.

"Kukosea si ajabu, mwanangu," alisema. "Mimi nimeua injini nyingi kabla wewe hujazaliwa. Lakini kosa likifichwa, fundi anatengeneza mahali ambapo hapajaharibika, na asiye na hatia anabeba lawama. Ungenyamaza Jumatatu, Sista angezunguka dunia nzima akitafuta oili, na wale sitini na wawili wangekuwa bado wanasubiri."