Kiti Kina Mwenyewe

Jamani wenzangu, hebu niwaulize kabla hatujafika mbali: nani kati yetu ashawahi kumwambia jirani "hapana", na bado akamtazama usoni kesho yake? Kama yupo ajitokeze, tumpe chai. Sisi wengine muhali, ile haya ya kumkatalia mtu, umetukaa shingoni kama nira, na ng'ombe angalau nira yake huvuliwa jioni.

Ijumaa moja asubuhi, kule Mgogoni, nyumbani kwa Himid kulikuwa na raha tupu. Mkewe, Mwatima, alikaa barazani na mwanawe Ahmada mapajani, mtoto wa miezi minane, mashavu kama maandazi yaliyoumuka. Himid, mwenye duka la vyombo Konde, alikuwa nusu ndani ya gari yake ndogo, nusu nje, akipigana na kiti cha mtoto. Kiti kimeletwa na Vuai, kaka yake Mwatima aliyeko Maskati. Simu imewekwa juu ya boneti, na Vuai anaelekeza kwa sauti.

"Uso wa mtoto utazame nyuma ya gari, shemeji. Pitisha mkanda kwenye njia yake, kandamiza kwa goti, vuta! Sasa kitikise."

Himid akakitikisa. Gari nzima ikayumba, kiti hakikusogea.

"Hapo sawa. Na msikigeuze mpaka azidi kilo zilizoandikwa hapo ubavuni. Kichwa cha mtoto kizito, shingo yake bado laini kama ute. Gari ikisimama ghafla, mgongo wa kiti ndio unaompokea. Mkimtazamisha mbele, shingo ndiyo itakayobeba."

Mwatima alilisikia kila neno. Lishikeni hilo, maana ndilo litakalomuuma baadaye.

Raha ile haikumaliza mwezi. Ahmada alikua kama mhogo wa mvua, nyayo zikaanza kugusa kiti cha gari. Bi Kazija, mama yake Himid, akachungulia dirisha la gari, akashika kiuno.

"Mtoto kakunjwa miguu kama chura! Na tangu lini mjukuu akampa bibi yake kisogo? Ndiyo adabu mnayomfunza?"

"Mama," Himid akaanza, "kiti chenyewe ndivyo kilivyo..."

"Geuza!"

Himid akageuza. Mwatima alikuwa na maneno ya kaka yake yote kichwani: miguu ikikunjika si neno, mtoto hukunja miguu hata usingizini, la kulindwa ni shingo. Lakini siku ya harusi somo wake alimfunza kuwa mkwe hajibiwi. Akayameza. Maneno hayo nayo, yakimezwa, hayashuki tumboni, hukwama kooni.

Wiki ya pili kulikuwa na maulidi Mkoani, kwa nduguye Bi Kazija. Gari imeshawashwa, Ahmada kafungwa mikanda, mara huyo Mzee Mjaka, jirani, na mkewe Bi Hija, na vikapu vinne, na kuku mmoja aliyefungwa miguu.

"Himid mwanangu, mwenda Mkoani? Hiyo ndiyo rehema yenyewe! Sisi twawahi boti."

Himid alihesabu kwa macho. Mbele akae Mzee Mjaka, kwa heshima. Nyuma kuna mama, mke na kiti. Bi Hija akae wapi?

"Aa, kwani hicho kiti kitu?" alicheka Bi Hija. "Kitoeni! Mimi nimezaa tisa, kiti chao kilikuwa haya mapaja."

Himid alimtazama mkewe. Himid huyo, yakhe, dukani kwake hapunguzi bei hata umlilie, lakini mbele ya mzee wa mtaa alikuwa uji. Akikataa, watasema gari imempa kiburi. Mwatima akafungua mdomo. Bi Kazija akamkata jicho. Mwatima akaufunga.

Buti lilijaa vikapu, kwa hiyo kiti hakikupata hata humo. Kiliachwa barazani, kimeelekea njiani, kama mgeni aliyesahauliwa.

Njia nzima Mwatima alibanwa katikati, Ahmada mapajani, Bi Kazija kulia, Bi Hija kushoto, kikapu miguuni. Mkanda hakuuona, umekaliwa. Vioo vimefungwa, kwa kuwa Bi Hija anaogopa upepo. Ahmada alijipinda, alisukuma, alitaka nafasi yake aliyoizoea. Walisimama Chake kutia mafuta. Pale angeweza kushuka na kusema, "Mimi na mwanangu hatwendi hivi." Aliyapanga maneno vizuri, moja baada ya moja. Gari ikaondoka, naye bado anayapanga.

Baada ya Chake, kwenye mteremko wenye kona, gari ya ng'ombe iliyojaa mawe ilichomoza kutoka njia ya shamba. Himid alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari ikateleza, ikaingia mtaroni, ikagota ukingo wa udongo.

Mikono ya Mwatima ilikuwa na nguvu. Tangu udogo imebeba ndoo za maji, imepura mpunga. Haikuweza kumzuia mtoto wa kilo tisa. Ahmada alimponyoka kama sabuni, akapiga mgongo wa kiti cha mbele, akaanguka chini, kwenye upenyo kati ya kikapu na viti.

Milango ya kulia, wa Himid na wa nyuma, imezibwa na udongo. Kushoto Bi Hija anapiga yowe, mkono wake unapapasa kitasa asikione. Mguu wa Mwatima umenaswa chini ya kiti. Alikiona kisogo cha mwanawe, shubiri mbili tu kutoka vidoleni mwake, na hakukifikia. Na mtoto halii.

"Lia, mwanangu," alisema. "Lia, nakuomba. Lia!"

Kimya. Nyinyi mnaonuna mtoto akilia, muulizeni Mwatima kimya kina uzito gani.

Mwenye gari ya ng'ombe, Abrahman, ndiye aliyeufungua ule mlango wa kushoto. Akamvuta Bi Hija nje, akajinyoosha ndani kifudifudi, akamtoa mtoto. Ndipo Ahmada akatoa kijisauti, kama paka mchanga. Mwatima akakisikia, akapoteza fahamu.

Spitali walikaa siku nane. Bega la Ahmada limevunjika, kichwa kimetikisika. Daktari aliuliza swali moja tu: "Mtoto alikuwa kakaa wapi?" Watu wazima watano walikuwamo garini siku ile, na wote walikuwa wamepata pa kukaa.

Waliporudi Mgogoni, kiti kilikuwa pale pale barazani. Kuku wa Bi Kazija ametagia mayai matano ndani yake, kajikunja, katulia. Katika nyumba nzima, kuku peke yake ndiye aliyejua kazi ya kiti kile.

Mwatima alikiosha. Gari ilipotoka kwa fundi na bega kuunga, Himid alikifunga, uso wa mtoto nyuma, akakikandamiza kwa goti mpaka gari ikalia. Siku ya kwanza ya kutoka, huyo Mzee Mjaka, kovu la ajali bado bichi kwenye paji.

"Himid, wenda Konde? Nichukue na wajukuu wangu watatu."

Himid akaanza kujikuna shingo. Mwatima akateremsha kioo.

"Shikamoo, mzee wangu. Mbele pana nafasi ya mtu mmoja, karibu. Huku nyuma kiti kina mwenyewe."

Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. Mzee Mjaka akamgeukia Bi Kazija aliyesimama barazani, akingoja mkwe atiwe adabu.

Bi Kazija alimtazama mjukuu wake kupitia kioo. Aliona kisogo tu.

"Mjaka," alisema, "ngojeeni gari ya abiria. Huyo na anipe mgongo mpaka aote ndevu!"

Funzo

Ndugu zangu, heshima ni jambo jema, na kumsaidia jirani ni thawabu. Lakini muhali unaolipwa kwa shingo ya mtoto si heshima, ni woga uliovaa kanzu. Mtoto mchanga garini ana kiti chake, kitazame nyuma, kifungwe kisitikisike, na asigeuzwe kwa sababu miguu imekua au bibi kakasirika. Mapaja ya mama ni mahali pa kulelea, breki haziyajui. Na wewe mwenye neno la haki kooni, liseme gari ikiwa bado imesimama. Jirani akinuna, kesho utampelekea sahani ya futari, atacheka. Mwatima alibahatika kupata siku ya pili ya kusema. Usiitegemee bahati yake.