Kiti cha Pili

Foleni ya ofisi ya usajili wa magari ilikuwa imetoka mlangoni, ikakata kona ya ukuta na kuishia juani, na aliyekuwa juani kabisa ni fundi mmoja wa majokofu ambaye mtaani kwake walimwita Baridi. Jina lilimkaa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kazi. Ya pili ni kwamba tangu mama yake afariki alikuwa akiishi peke yake, hana mgeni, hana mzaha, na kila akitoka kazini kitu cha kwanza ni kuwasha redio, ili nyumbani kuwe na mtu anayeongea.

Siku hiyo alikuwa ameleta pikapu kuukuu, buluu iliyopauka, aliyoinunua jimbo jingine na kuja nayo ikiwa bado na namba za kule. Kwa zile namba za kigeni hakukuwa na askari barabarani ambaye hakumsimamisha. Alikuwa amechoka kusafirisha majokofu ya watu kwa magari ya kukodi. Alitaka gari lake, jina lake kwenye kadi, basi.

"Kaka, mle ndani ulifuga panya au fisi?"

Aligeuka. Nyuma yake alikuwa amesimama mwanamke mfupi, gauni la kijani limemkaa vizuri, kitambaa cha manjano kichwani, na futi ya kupimia ikining'inia shingoni kwa jinsi alivyotoka kazini mbiombio.

"Unasema?"

"Pikapu ile ya buluu si yako? Nimechungulia dirishani. Kiti cha dereva utumbo wote uko nje."

"Na wewe kazi yako ni kuchungulia magari ya watu?"

"Ndiyo hasa. Nashona viti vya magari na maturubai. Leo nimekuja kuhuisha leseni, lakini macho hayana likizo."

Baridi akacheka, na kicheko chenyewe kikamshtua, maana kilitoka kwa sauti kubwa.

"Wananiita Sindano," alisema yule mwanamke.

"Kwa sababu ya kazi?"

"Kazi na mdomo. Wewe je?"

"Baridi."

"Maskini! Nani kakufanyia hivyo?"

Foleni ilisogea wao wakiongea. Zamu ya Baridi ilipofika, mkaguzi alijilaza chini ya pikapu na tochi, akakwangua kutu kwenye chesisi hadi namba ikasomeka. Namba ilikuwa sawa. Rangi ndiyo haikuwa sawa.

"Huko ilikotoka imeandikishwa nyeupe," alisema mkaguzi akijipangusa magoti. "Hii nyeupe?"

"Aliyeniuzia aliipaka rangi."

"Basi mrudie. Mwende naye kwenye ofisi yao warekebishe, wakupe barua. Barua ikija, nakupa namba zetu. Bila hivyo hii ni gari ya mtu mwingine."

Baridi alisimama katikati ya uwanja na funguo mkononi, asijue aanzie wapi. Sindano ndiye aliyeamua.

"Gari lilaze kwangu. Wewe panda basi, nenda kahangaike na barua yako. Ukirudi utalikuta limevaa."

Karakana yake ilikuwa banda la bati lenye cherehani nzito, majora ya ngozi ya plastiki yaliyosimamishwa ukutani, na harufu ya gundi iliyokuwa ikikaa kooni. Alilizunguka gari akiongea huku anapima. Nyuma litafungwa turubai, majokofu yasilowe. Springi za nyuma jirani yake mchomeleaji ataziongezea nguvu. Kiti cha dereva kitavuliwa chote.

"Na hiki cha pili?" aliuliza, akigonga kiti cha abiria.

"Hicho kiache. Hakai mtu."

"Hakai mtu leo."

"Hakai mtu, Sindano. Mimi na sanduku la vifaa tu."

Alimtazama kidogo, futi ikiwa imesimama hewani, halafu akaendelea kupima. Wakati huohuo muuza mayai mmoja alikuwa akipita na trei zake nyuma ya baiskeli. Alisimama, akaangalia ile bodi, akapiga mluzi. "Hii pikapu inauzwa?"

"Haiuzwi," Sindano alijibu kabla Baridi hajafungua mdomo.

Safari ile iligeuka kuwa ndefu kuliko alivyodhani. Aliyemuuzia alikuwa shambani, hajulikani atarudi lini, na Baridi akapanga chumba cha wageni chenye kitanda, ndoo na dirisha linalotazama ukuta. Katika mji ule hakuwa na anayemjua wala anayemtafuta. Lakini kila jioni simu ilikuwa ikiita.

"Mgeni wangu, umekula?"

"Nimekula. Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Gari halijambo. Leo nimelivua nguo zote, limeona aibu."

"Pikapu yangu ina heshima zake, tafadhali."

"Pikapu, pikapu! Hili ni gari, bwana. Liite jina lake."

"Umechoka wewe. Nasikia sauti."

"Nimechoka, lakini nikikupigia nasahau."

Alikuwa akiyarudia maneno hayo hata baada ya simu kukatwa. Siku moja alistuka kuona redio ndogo aliyokuja nayo bado imo kwenye begi, hajaiwasha tangu afike. Hapo ndipo alipojua kwamba amependa. Alijua pia kwamba hajui lolote kuhusu huyu mwanamke, kama ana mume, kama ana mchumba, kama hizo simu anawapigia wateja wake wote.

Mwenye pikapu wa zamani alirudi kutoka shambani, wakaenda ofisini, barua ikagongwa muhuri. Baridi alisimama nyuma ya stendi, tiketi mfukoni, akapiga simu kabla akili zake za kawaida hazijamrudia.

"Sindano, nataka kukuuliza kitu. Usicheke."

"Ongea kwa nguvu! Huku mvua inapiga bati, sisikii!"

"Nauliza hivi, una mtu?"

Sauti yake ilimjia vipande vipande, imejaa furaha, na furaha ile ndiyo iliyomchoma.

"Wapo! Wanakuja kila siku! Nawaambia wasijisumbue, nina mwenyewe! Kasafiri tu, anarudi!"

Abiria walikuwa wakisukumana kwenye mlango wa basi. Baridi akajikuta anaitikia kwa kichwa, kana kwamba Sindano anamwona.

"Hongera," alisema.

"Nini?"

"Nimesema haya." Akakata.

Aliporudi, alianza na ofisi ya usajili. Mkaguzi akasoma barua, akampa kadi yenye jina lake na vibao viwili vipya vya namba. Siku aliyoingoja kwa hamu ikapita hivyo, akiwa amesimama peke yake uwanjani na vibao mkononi. Ndipo akaenda kulichukua gari.

Sindano alikuwa amevaa lile gauni la kijani, na mdomoni ametia rangi. Nyuma ya pikapu turubai jipya lilikuwa limevutwa likakaza, kamba zimefungwa kwa mpangilio. Kiti cha dereva kilikuwa cheusi, kimeshonwa mistari miwili iliyonyooka. Na pembeni yake, kiti cha abiria nacho kilikuwa kipya, cha manjano, bado kimevikwa plastiki, tena kimepandishwa juu kidogo kuliko chenzake.

"Hiki sikukiagiza," alisema Baridi.

"Najua hukukiagiza."

"Basi nitajie bei yake nilipe."

Tabasamu likamtoka Sindano usoni taratibu. "Hicho hakina bei."

"Ahsante, fundi."

"Fundi? Leo mimi ni fundi?" Alisogea karibu. "Baridi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu." Na kweli ndivyo alivyokuwa akijiambia: mwanamke ana mtu wake, kosa lake liko wapi? Akawasha gari akaondoka, na kwenye kioo alimwona bado amesimama mlangoni mwa banda, ile futi ameishika kwa mikono miwili.

Kazi ikanyooka kuliko wakati wowote. Pikapu ilikuwa ikibeba majokofu mawili bila kulalamika, mvua ikija turubai linazuia. Kwa namba zake mpya askari hawakumsimamisha tena. Hakuna aliyemsimamisha. Aliweza kuzunguka mji mzima kutoka asubuhi hadi jua likishuka asiseme na mtu zaidi ya "Friji lilianza lini kuacha kugandisha?" Sanduku la vifaa alilitupa nyuma, hakuweza kuliweka kwenye kile kiti cha manjano. Sindano alipiga simu mara kadhaa, ikaita hadi ikanyamaza, halafu akaacha kupiga. Redio ilirudi kazini.

Dada yake wa mbali, ambaye aliwahi kumdokezea habari za Sindano, alimpigia kumsalimu, kama kawaida yake akiwa na lake moyoni.

"Wifi yangu wa viti umemficha wapi?"

"Ana mwenyewe, dada."

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe."

"Kwa maneno hayo hayo?"

"Kwa maneno hayo hayo." Dada akashusha pumzi, akamwambia angalau ale vizuri.

Kisha siku moja, kwenye kituo cha mafuta, kuna mtu akapiga bodi ya pikapu kwa kiganja.

"Kumbe wewe ndiye mwenyewe!" Alikuwa yule muuza mayai, baiskeli yake na trei zake. "Kaka, yule dada wa viti alinitesa! Nimeenda pale kila siku, mpaka nikamleta na mjomba tuongee naye kiutu uzima. Jibu lake moja tu: msijisumbue, lina mwenyewe, kasafiri, anarudi."

Baridi aliacha mkono kwenye kifuniko cha tangi. "Alisemaje?"

"Lina mwenyewe, kasafiri."

"Lina? Au alisema nina?"

Muuza mayai akamtazama kama mtu aliyepigwa jua. "Kaka, nilikwenda kutafuta gari, sikwenda kuposa."

Baridi aliondoka hata mafuta hayajajaa. Njia nzima alikuwa akilirudia lile neno kwa sauti, kwa herufi hii, kwa herufi ile, na kila alipolirudia alizidi kujiona mjinga. Mwenyewe aliyesafiri. Mwenyewe anayerudi. Alikuwa amemwonea wivu mtu aliyelala kwenye chumba chenye dirisha la kutazama ukuta.

Alimkuta Sindano kwenye cherehani, kitambaa cha manjano kichwani, uso umepungua. Hakusimamisha mashine.

"Karibu, mteja. Mshono umefumuka?"

"Siku ile ya mvua, nilikuuliza nini?"

"Uliuliza kama kuna mtu." Cherehani ilikuwa inakwenda. "Kuna mtu anayelitaka gari. Nikakujibu."

"Sikuuliza kuna mtu. Niliuliza una mtu."

Cherehani ikanyamaza.

"Na wewe ukanijibu lina mwenyewe," Baridi aliendelea, "mimi nikasikia nina."

Baridi alidhani Sindano atacheka. Hakucheka.

"Kwa hiyo umeniacha muda wote huu kwa ajili ya herufi moja?"

"Mbili. Moja yako, moja yangu."

"Usinichekeshe, nina hasira na wewe." Macho yalikuwa yamelowa. "Nilikupigia, Baridi. Hukupokea. Nikawa nakaa hapa najiuliza nimekosea wapi. Nikasema ni kile kiti. Nikasema nimejipa nafasi ambayo sikupewa, mwanaume wa watu kaona nimemparamia. Unajua aibu yake? Kila gari likiingia hapa nainua kichwa, siyo wewe."

"Nisamehe."

"Ungeuliza mara ya pili! Mtu akishindwa kusikia si anauliza tena?"

"Niliogopa kulisikia mara ya pili."

Sindano alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa alichokuwa akishona, akakiona kina mafuta, akakitupa. Kisha akatoka nje hadi kwenye pikapu, akachungulia dirishani kama siku ile ya kwanza.

"Plastiki bado ipo," alisema.

"Hajakaa mtu."

"Hata sanduku la vifaa?"

"Hata sanduku la vifaa."

Aliendelea kuangalia ndani ya gari. Mtaani watu walikuwa wakipita na shughuli zao, mchomeleaji wa jirani amezima mashine yake, labda kwa bahati, labda kwa umbea.

"Niulize tena," alisema Sindano bila kugeuka. "Leo hakuna mvua."

Baridi akamsogelea. "Una mtu?"

"Ninaye," alisema. "Alisafiri. Namba zake nasikia zimeshabadilishwa, ila sijajua kama amerudi."

"Amerudi."

Sindano akafungua mlango, akaichana ile plastiki kwa meno ya funguo zake, akapanda, akakaa. Baridi alikuwa amezoea kudhani kwamba kile kiti kilipandishwa kwa makosa. Sasa alimwona amekaa, mgongo umeegemea sawasawa, macho yanaona barabara juu ya dashibodi, na akaelewa kwamba Sindano alikuwa amekishona kwa kipimo chake mwenyewe.